Tumbo, Mgongo na Sarafu ya Mama

Klaten, 9 Februari 2014

Mdogo wangu Kinasih,

Assalamu alaikum. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako inaita mpaka inachoka yenyewe. Sisi huku wazima, tena wazima kabisa. Shemeji yako Tarjo mzima, na ndege wake wa kufuga wazima. Yule tetere mkubwa juzi aligoma kuimba, na Tarjo naye akagoma kwenda kazini. Mimi nikigoma kula hakuna anayegoma kitu, lakini si neno, ndivyo ndoa ilivyo.

Batiki sokoni zinatoka kidogokidogo. Siku hizi nauza nikiwa nimekaa, na marobota ananipandishia mchukuzi. Usidhani nimezeeka. Nimeona tu kwamba mwenye duka hapendezi kubeba mizigo mbele ya wateja. Jioni nakula uji mweupe. Nimeupenda.

Ninalotaka kusema ni hili. Siku ya elfu tangu Mama afariki inaangukia Septemba. Ndiyo karamu ya mwisho, na siku hiyo ndipo tutakapomwekea jiwe la kaburi. Baada ya hapo hatuna tena la kumfanyia ila dua. Nimepanga kuku wazima wa tui, maini ya kukaanga kwa pilipili, wali wa kunata, vibibi, na ndizi za tui na sukari ya mnazi. Wewe utashika tui, kama Mama alivyokufundisha. Mabinti zake ni sisi wawili tu.

Nasema mapema kwa sababu ya yale ya mwaka jana kwenye hitima yake. Ulikaa umeshika tumbo, sahani haijaguswa, wageni wanakutazama. Nikakuonea huruma. Nikakulaza, nikakukwangua mgongo kutoa upepo wa mwilini, kwa sarafu ya Mama, ile ya shaba ya enzi za Waholanzi, na jirani yetu Bu Kasinem amekushika mabega. Ukatoka mistari myekundu ambayo sijapata kuiona kwa mtu, maana yake upepo ulikuwa umekujaa tele. Asubuhi ukaondoka bila kwaheri. Sikuuliza, na leo siulizi. Nasema tu kwamba watu waliuliza.

Usipokuja Septemba watasema binti mdogo kamtupa mama yake. Mimi sitakuwa na la kuwajibu.

Dada yako,
Wuryani


Balikpapan, 16 Machi 2014

Mbakyu Wuryani, dada yangu,

Wa alaikumu salaam. Barua yako nimeisoma nimekaa, maana nami siku hizi mambo mengi nayafanya nimekaa. Sisi huku wazima. Shemeji yako Pram bado yuko kwenye ofisi ya matishari ya makaa ya mawe, anarudi jioni kola nyeusi, na anakusalimu sana. Kuhusu simu nisamehe. Kwenye simu wewe husema na mimi huitikia. Kwenye barua walau nafika mwisho wa ninachotaka kusema.

Mbakyu, mimi ni mgonjwa. Sikukuambia kwa sababu hata mimi sikujua naumwa nini. Nilianza kwa daktari wa tumbo. Akaingiza kamera yake mahali ambapo sitakutajia, akasema utumbo wangu mzuri, nusura anipongeze. Nikamwambia mwili mzima unauma, akasema hiyo si idara yake. Daktari wa mifupa akapiga picha, akasema mifupa mizuri. Nikamwambia tumbo linajaa gesi, mara nahara, mara nafunga choo. Akasema hiyo si idara yake. Wa tatu akaniuliza kama nina ugomvi na mume wangu. Nikamwambia bado.

Wa nne ni mwanamke, Dokta Hanum, wa maumivu ya viungo. Aliniuliza kwa pumzi moja, "Bu Kinasih, mwili unauma wapi, na tumbo likoje?" Nililia palepale. Tangu niugue ndiye wa kwanza aliyeniona kuwa ni mtu mmoja.

Ugonjwa wenyewe unaitwa fibromialjia. Anasema wengi wenye maumivu haya wana pia utumbo unaokereka upesi, na si bahati mbaya tu. Kipi huanza na kipi hufuata, anasema hajui, na alikiri hajui, jambo ambalo wale wengine hawakuthubutu. Mishipa ya fahamu, anasema, ni kama redio iliyoharibika kitufe cha sauti. Mguso mdogo unasikika kama kipigo, na gesi kidogo kama kisu. Hakuna picha inayoonyesha. Hauui. Hauponi pia, ila hutulizwa: kulala vizuri, kutembea kidogokidogo, kidonge cha jioni, na kujua chakula kipi kinagombana nami. Tui linagombana nami. Pilipili na wali wa kunata vilevile.

Nataka sana kuja kumwekea Mama jiwe. Lakini nikija nitakaa tena mbele ya sahani nisiyoweza kuila, na wewe utanitazama vile.

Mdogo wako,
Kinasih


Klaten, 2 Aprili 2014

Kinasih,

Alhamdulillahi barua imefika. Sisi wazima. Tetere ameanza kuimba tena na Tarjo amerudi kazini, kwa hiyo nyumba ina amani.

Nilimsomea Bu Kasinem barua yako. Jina la ugonjwa wako lilimshinda, na anasema ugonjwa usiotamkika hauna dawa sokoni. Madaktari wanne na kamera, ili wakuambie kile Mama alichokuwa akituambia bure! Upepo umekuingia, Dik, mdogo wangu. Ukiingia tumboni hupanda mgongoni, ukikaa mgongoni hushuka tumboni. Huyo Hanum wako kasoma miaka mingapi kuja kugundua kwamba tumbo na mgongo ni vya mtu mmoja? Na redio! Huku kwetu redio ikipiga kelele tunaichapa kofi, inatulia.

Maumivu nani hana? Mimi naamka kama niliyepigwa magongo, vidole havikunji kitambaa mpaka jua lipande. Tumbo langu hufunga siku kadhaa, halafu hufunguka siku ya soko kubwa, kwa ukorofi tu. Tarjo amehamia kulala barazani karibu na ndege, anasema nagaragara. Hayo si ugonjwa, ni umri. Sikukimbilia kuyapa jina la Kizungu. Bu Kasinem ananikwangua kila Alhamisi. Nauma mto, namshukuru, naye ananishukuru.

Nakutumia manjano na ukwaju, chemsha unywe asubuhi kabla ya kula kitu. Kuhusu sahani, utakula. Siku ya elfu mtu hakatai chakula cha mama yake. Watu wakiona hukula watadhani tumetia sumu, au mbaya zaidi, watadhani hatujui kupika.

Dada yako,
Wuryani


Balikpapan, 25 Mei 2014

Mbakyu,

Salamu kutoka kwa Pram. Manjano yalifika. Nilikunywa kwa sababu ni yako, na siku hiyo sikutoka nyumbani, wala sikwenda mbali na choo.

Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa na hasira, na Pram alinishauri ningoje ipungue. Nimengoja. Haijapungua.

Uliposhika sarafu ile, mwaka jana, niliona giza. Kila mstari ulikuwa moto, na Bu Kasinem amenielemea mabegani, "Vumilia, mwanangu, upepo unatoka huo!" Sikupiga kelele, kwanza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu, pili kwa sababu ulifanya kwa mapenzi, na nilijua ukijua utaumia. Nililala kifudifudi mpaka alfajiri. Niliondoka bila kukuaga kwa kuwa ungenikumbatia, na kukumbatiwa nisingeweza. Hiyo ndiyo kwaheri uliyoikosa.

Sasa nimesoma mara nyingi ile sehemu unayosema wewe huna ugonjwa. Naomba unijibu haya. Sketi ikikubana kiunoni, inauma? Mtu akikupa mkono kwa salamu, unatamani auachie? Unalala usiku kucha na bado unaamka umechoka? Uji mweupe unaula kwa kuupenda, au kwa sababu ndicho chakula pekee kinachokubali kukaa?

Na Mama je? Unakumbuka alivyokuwa akifungua mkanda wa tumbo mchana, akijilaza sakafuni penye ubaridi, nasi tukimkimbilia tumlalie? "Msiniguse, wanangu, msiniguse kidogo." Nilidhani hatupendi wakati ule. Nilidhani hivyo mpaka juzijuzi tu, Mbakyu, na inaniuma kuliko mgongo.

Nitakuja Septemba kwa masharti mawili. Nisikwanguliwe, na nisilazimishwe kula. Kama huwezi, niambie, nitamwombea Mama nikiwa huku, na watu waseme watakalo.

Kinasih


Klaten, 11 Agosti 2014

Kinasih,

Idi imepita, mahali pako mkekani palikuwa wazi. Tuliombana radhi sote, hata Tarjo alimwomba radhi tetere. Nilifunga Ramadhani yote, isipokuwa siku ambazo sikufunga.

Barua yako ya Mei ilifika, ila ilinyeshewa njiani. Sehemu yenye maswali wino ulitawanyika, sikuweza kusoma hata neno. Nimesoma masharti tu. Huku kwetu watu hawaendi kwa mama yao na masharti.

Na Mama hakuwa mgonjwa. Mama alikuwa amechoka.

Jiwe limeshachongwa. Ukija, njoo mapema, tui halijikamui.

Wuryani


Balikpapan, 24 Agosti 2014

Mbakyu,

Sisi wazima, nanyi naamini wazima, kama kawaida yetu.

Huu ni msimu wa kiangazi. Mashamba ya huko yamepasuka, watu wananunua maji kwa mapipa. Hiyo mvua iliyochagua maswali yangu na kuyaruka masharti, iliyoyaruka hata maneno ya Mama ukaweza kuyajibu, ilitoka wapi?

Nimekata tiketi ya ndege. Nakuja, na tui nitakamua mimi. Maswali nimeyaandika upya kwenye karatasi kavu, iko ndani ya bahasha hii. Usinijibu kwa barua. Nitakutazama.

Kinasih


Balikpapan, 28 Septemba 2014

Mbakyu wangu,

Nimefika salama, Pram alinipokea uwanja wa ndege na mwavuli, maana huku imenyesha kweli.

Nataka kukusimulia karamu ya Mama kama mtu asiyekuwepo, kwa sababu hukuwepo. Ulikuwa chumba cha nyuma umeutazama ukuta.

Tuliporudi kutoka kuweka jiwe ulishika nguzo ya mlango, ukasema umeteleza. Sakafu ilikuwa kavu. Ukaniambia, "Dik, nilaze kidogo, usimwambie mtu." Nikakulaza, nikafungua mkanda wako wa tumbo, ukashusha pumzi ndefu mpaka nikaogopa. Kisha nikarudi jikoni kwenye tui.

Wageni walikuja wote. Shangazi Marsiyah hakukaa hata kitako. "Wuryani yuko wapi?"

"Anapumzika, Shangazi."

"Anapumzika? Wuryani huyu huyu? Kwani kafa nani tena?"

Nikampa vibibi vimzibe mdomo. Lakini Bu Kasinem alikuwa ameshasikia. "Upepo huo! Siku nzima juani makaburini, tumbo tupu, umempata!" Wewe mwenyewe ulimwonyesha sarafu inakokaa, kwenye kikombe cha kabatini, basi kabla sijanawa mikono alikuwa ameingia chumbani na chupa ya mafuta. Wanaume walikuwa katikati ya dua. Hapo tukasikia.

"Usiniguse! Usiniguse kidogo!"

Dua ikakatika. Tarjo alisimama na sahani mkononi. Mimi nilikimbia, Mbakyu, kwa sababu ile haikuwa sauti yako. Ilikuwa ya Mama, vile vile kabisa.

Nilikuja nikasimama kati ya kitanda na Bu Kasinem. Sijui kama ulisikia yaliyofuata, maana ulikuwa umejifunika shuka mpaka kichwani.

"We Kinasih, nipishe. Dada yako kajaa upepo."

"Leo hapana, Bu."

"Kwani umekuwa daktari?"

"Sijawa."

"Basi pisha!"

"Bu, nilikunywa manjano yenu nikashinda chooni kutwa. Mimi zamu yangu ya kuwatii nimemaliza."

Alinitazama kana kwamba mimi ni mwehu. Nikampokea sarafu kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nikairudisha kikombeni, nikamfungia chakula cha kwenda nacho, paja la kuku kubwa kuliko yote. Paja alilichukua. Msamaha bado.

Kisha nikaleta uji. Tulikula mlango umefungwa, mimi na wewe, karamu ya mama yetu inanukia nyumba nzima na sisi tunalamba uji mweupe kama wezi. Sahani zetu mbili za haki alizimaliza Tarjo, na wali wa kunata wakapewa ndege. Ulicheka, Mbakyu. Ulishika tumbo kwa kucheka, ukasema, "Aduh, inauma," ukaendelea kucheka.

Alfajiri niliingia kukuaga. Ulijifanya umelala. Nami sikukukumbatia, nilikugusa kwa kidole kimoja tu. Pembe ya karatasi ya maswali ilikuwa imetokeza chini ya mto wako.

Nenda kwa daktari. Mama hakuwa na mtu wa kumwambia hivyo. Wewe unaye, na hatanyamaza.

Mdogo wako,
Kinasih


Klaten, 9 Novemba 2014

Mdogo wangu Kinasih,

Mimi huku si mzima. Nataraji barua hii itakukuta nawe si mzima vilevile, ila umetulia.

Nilikwenda Solo kwa daktari wa viungo. Kijana mdogo, ndevu hazijaamua kuota. Nilikusudia kumwambia ni mgongo tu. Akauliza usingizi ukoje, choo kikoje, nikajikuta namjibu yote. Ulikuwa umeshaniuliza mara mbili, nilikuwa na mazoezi. Alinipima damu na kinyesi kwanza, anasema si kila tumbo linalouma na mgongo unaouma ni ugonjwa huu, lazima ahakikishe hakuna kingine kilichojificha. Hakukuwa na kingine. Nikahuzunika kidogo, ningependa waone kitu cha kumwonyesha Shangazi Marsiyah.

Akauliza nani mwingine katika familia ana hali hii. Nikasema mama yangu, marehemu, na mdogo wangu, ambaye nilisema anajidekeza. Aliandika ya Mama na yako. Ya kudeka hakuandika.

Tarjo amerudi chumbani. Aliniuliza kama maumivu yangu ni kama ya tetere asiyeimba ilhali manyoya yote yapo. Nikasema ndiyo, hasa. Tangu hapo ananiamini, na analala kwenye ukingo wa kitanda kama aliyewekewa mpaka. Bu Kasinem bado amenuna, anasema tumeharibiwa na hospitali. Lakini juzi alinivuta pembeni, kwa sauti ndogo, akaniuliza huyo kijana wa Solo huwa yupo siku gani.

Alhamisi, badala ya kukwanguliwa, nilikwenda makaburini kwa Mama. Vumbi lilikuwa limejaa kwenye jiwe. Nilichukua brashi, kisha nikaiweka chini. Nilimfuta kwa kiganja na maji, taratibu, bila kusugua. Nilimwambia hatukujua. Nililia pale mpaka mlinzi wa makaburi akaniletea kiti.

Kuna neno unalolisubiri tangu mwaka jana. Sitaliandika. Wewe ni mdogo wangu, na mdomo wangu haujazoea. Badala yake nimefunga ndani ya kitambaa ile sarafu ya Mama, utaikuta humu. Haifai kubaki kwangu, kila mtu mtaani anajua kikombe chake.

Ifiche huko kwako, mahali ambapo mtu anayekupenda hataiona.

Dada yako mgonjwa,
Wuryani